Nimetakiwa kujenga chemba ya kunasa mafuta: ni vitu gani hasa haviruhusiwi kuingia kwenye mtandao wa majitaka, na kwa nini?

MkaangaSato (Mwanza) aliuliza:

Ndugu zangu, naombeni msaada wa maarifa. Nina mgahawa mdogo hapa Mwanza, upande wa mlimani, na kazi yangu kubwa ni samaki wa kukaanga: sato kila siku, sangara mwisho wa wiki, na dagaa wanapopatikana wazuri. Kwa miaka mitano nilitumia shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba. Gari la majitaka halikuweza kufika kwangu kwa sababu ya majabali na ufinyu wa njia, kwa hiyo shimo lilipojaa niliwalipa vijana walipakue kwa ndoo usiku, jambo ambalo lilinisumbua moyo kila mara. Mtandao wa majitaka wa mabomba membamba ulipofika mtaani kwetu nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuomba kuunganishwa, na nilifurahi mno.

Mwezi uliopita chemba iliyo chini yangu iliziba, majitaka yakafumuka kwenye ua wa mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi wangu. Mafundi walipozibua walitoa kitu kama mshumaa mnene, cheupe, kigumu, chenye magamba ya samaki ndani yake. Hapakuwa na haja ya kuuliza kilikotoka. Nilikwenda kumwomba radhi mama yule, nikagharamia usafi wa ua wake na kununua dawa ya kunyunyizia, lakini aibu ile bado ninayo.

Baada ya siku chache nilipokea barua inayonitaka nifanye mambo matatu ndani ya siku 30: nijenge chemba ya kunasa mafuta, niombe kibali cha kumwaga majitaka ya biashara, na niutenganishe mfereji wa maji ya mvua ya paa ambao fundi wangu wa awali aliuelekeza kwenye chemba hiyo hiyo ya majitaka. Barua sibishani nayo. Ninachotaka ni kuelewa, kwa sababu mtu akielewa hufanya kazi kwa uhakika zaidi kuliko akiamrishwa.

Kwanza, ni vitu gani vinakatazwa, na sababu ya kila kimoja ni ipi? Pili, wasichana wangu wa jikoni wamekuwa wakimwaga maji ya moto na sabuni nyingi baada ya kuosha makarai, kwa imani kwamba mafuta yanayeyuka na kwenda zake; kosa liko wapi? Tatu, maji ya mvua ni masafi kuliko majitaka, sasa yana madhara gani yakiingia humo? Na mwisho, chemba hiyo inatakiwa iwe na ukubwa gani kwa mgahawa wenye masinki mawili?

FundiBomba_Igogo alijibu:

Dada, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kwenda kumwona mama yule kabla hujaitwa. Nitajibu yale ninayoyagusa kwa mikono yangu kila siku, mengine nitawaachia wataalamu.

Maji ya moto na sabuni hufanya kazi hadi mahali fulani tu. Mafuta yakiwa ya moto huwa mepesi, hupita kwenye sinki lako bila shida, halafu yanakutana na bomba lililo ardhini ambalo ni la baridi. Hapo yanaanza kuganda ukutani mwa bomba, tabaka juu ya tabaka, mita kumi au ishirini kutoka kwako, na ndiyo maana aliyeumia ni jirani wa chini wakati wewe ulikuwa huoni dalili yoyote. Sabuni nayo huyapasua mafuta yakawa matone madogo madogo ambayo hujikusanya tena maji yakitulia. Tena mafuta yaliyooza, yakikutana na chokaa iliyomo majini na kwenye saruji ya chemba, hugeuka kuwa kitu kigumu kinachofanana na sabuni ya kipande. Huo ndio mshumaa uliouona. Nimewahi kuuvunja kwa tindo.

Kuhusu ukubwa, hesabu yake si ngumu. Chemba ya kunasa mafuta inafanya kazi kwa kuyatuliza maji: mafuta yanapanda juu, mashapo yanashuka chini, na maji ya katikati ndiyo yanayoruhusiwa kutoka. Ili utulivu huo upatikane, maji yanatakiwa yakae humo takriban nusu saa. Tuseme masinki yako mawili yakifunguliwa kwa pamoja yanatoa nusu lita kwa sekunde. Nusu saa ina sekunde 1,800, kwa hiyo unahitaji chemba ya kubeba lita 900. Ukichimba yenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 75 na kina cha maji cha sentimita 80, umepata lita 900 kamili. Weka ukuta wa kuigawa sehemu mbili, na bomba la kutolea liwe na kiungo cha T ambacho mdomo wake umezama chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni, ili lisivute mafuta ya juu wala mashapo ya chini. Kabla ya maji kufika huko, weka kichujio kwenye kila sinki, maana magamba na mifupa ya samaki hayatakiwi kuingia hata kwenye chemba hiyo.

Mambo mawili wengi huyakosea. La kwanza, wanaunganisha choo kwenye chemba ya mafuta. Usithubutu. Maji ya choo yaende moja kwa moja kwenye mtandao, kwa sababu yakipita humo yanayavuruga mafuta yaliyotulia na kukuachia uchafu ambao hakuna atakayekubali kuuchota. La pili, wanajenga vizuri halafu hawasafishi. Tumbukiza kijiti kila wiki, upime tabaka la mafuta juu na mashapo chini. Yakifikia robo ya kina kwa pamoja, yaani sentimita 20 katika chemba yako, ni wakati wa kuchota. Ukisubiri zaidi ya hapo, mafuta yanaanza kupita kana kwamba hukujenga kitu.

Mhandisi_wa_Mabwawa alijibu:

Nimefanya kazi ya kusimamia mabwawa ya kutibu majitaka kwa miaka mingi, na swali la kwanza la dada yetu ni zuri kwa sababu watu wengi hupewa orodha ya makatazo bila kupewa mantiki yake. Orodha hizo, katika nchi yoyote utakayokwenda, zimetokana na kulinda vitu vichache: bomba lenyewe, watu wanaoingia kulihudumia, na viumbe hai wadogo wanaofanya kazi ya kusafisha majitaka mwishoni mwa safari. Nyuma ya hao lipo ziwa, mto au bahari inayopokea maji yaliyotibiwa.

Nianze na bomba. Linadhuriwa na chochote kisichoyeyuka: mchanga, majivu, mifupa, pampasi, taulo za kike, matambara, mifuko ya plastiki, na mafuta yanayoganda. Linadhuriwa pia na tindikali kali, ambayo hula saruji na mifuniko ya chuma. Na wengi hawafahamu kwamba majitaka yaliyokwama kwa muda mrefu hutengeneza tindikali yenyewe. Uchafu ukikosa hewa, bakteria huzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda kwenye dari la bomba lenye unyevu, na huko bakteria wengine huigeuza kuwa tindikali ya salfuriki ambayo inakula saruji kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo mafuta yanayosababisha kukwama leo yanaweza kuwa chanzo cha bomba kuporomoka miaka kadhaa baadaye.

Gesi hiyo hiyo inaua. Ikiwa kidogo unainusa. Ikizidi inapooza uwezo wa kunusa, na mtu aliyeshuka ndani ya chemba hudhani hewa imekuwa safi kumbe ameingia kwenye hatari kubwa zaidi. Naomba nisisitize hapa kwa kila anayesoma: asishuke mtu yeyote ndani ya chemba ya majitaka au shimo la choo bila vifaa vya kupimia hewa na kamba ya kuokolea, na mwenzake akianguka asimfuate. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza.

Katika kundi hili la kulinda watu ndimo zilimo petroli, dizeli, tina ya rangi na kila kimiminika kinachowaka. Tarehe 22 Aprili 1992, katika jiji la Guadalajara nchini Mexico, petroli iliyokuwa imevuja na kuingia kwenye mtandao wa majitaka ililipuka chini ya mitaa ya makazi. Kilomita kadhaa za barabara zilipasuliwa na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Ninapoona gereji inaosha vipuri kwa petroli na kumwaga kwenye chemba, huwa nakumbuka tukio hilo, na siwezi kunyamaza.

Sasa viumbe hai. Majitaka ya Mwanza yanakusanywa na kupelekwa kwenye mabwawa ya Butuja, Ilemela. Katika mfumo wa mabwawa hakuna mashine kubwa: bwawa la kwanza ni lenye kina na halina hewa, uchafu mzito unatuama na kuozeshwa humo; linalofuata lina mwani juu yake unaotengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua, na oksijeni hiyo ndiyo inayotumiwa na bakteria kumalizia kazi; kisha maji hupita kwenye mabwawa mafupi ya kina ambako jua huua vijidudu vya magonjwa. Mfumo huu ni wa gharama nafuu na unafaa sana katika nchi zetu zenye jua la kutosha, lakini una udhaifu mmoja: ukitandaza utando wa mafuta juu ya bwawa, umefunga dirisha la mwanga na hewa kwa pamoja. Mwani unakufa, bwawa linageuka jeusi, harufu inawafikia wakazi wa jirani.

Kuna vitu ambavyo bakteria hawawezi kuvila kabisa. Zebaki, risasi, kromiamu na kadimiamu havioziki. Vinaingia bwawani, sehemu yake inatuama kwenye tope, sehemu inatoka na maji kwenda ziwani. Kwa ukanda wetu huu wa dhahabu, sonara anayeosha zebaki au tindikali kwenye sinki la duka lake, na fundi wa betri za magari anayemwaga maji ya betri, wananitia wasiwasi kuliko migahawa mia moja. Mafuta yako, dada, yanaziba na yanazibuliwa. Zebaki ikishafika kwenye samaki huwezi kuizibua.

Upande wa viwango, kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka maji yanayotolewa kwenda kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huihitaji kuozesha uchafu uliomo, inayopimwa kwa siku tano. Na mafuta yasizidi miligramu 10 kwa lita. Ili uone uzito wa namba hiyo ya mwisho, chukua lita moja ya mafuta ya kukaangia, yenye uzito wa gramu 900 hivi. Ili kuichanganya na maji hadi ifikie miligramu 10 kwa lita, unahitaji lita 90,000 za maji. Karai moja lililomwagwa sinkini jioni linazidi uwezo wa mtaa mzima kulizimua.

Mkazi_wa_Bondeni alijibu:

Mimi si mtaalamu, ila nyumba yangu iko chini ya mlima, na kila kinachotupwa juu kinafika kwangu. Namshukuru mleta mada kwa sababu ni mara chache aliye juu hujitokeza kuuliza.

Naomba niongeze vitu viwili ambavyo sijaona vikitajwa kwa undani. Kimoja ni mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Tumezoea tangu utotoni, na kwenye shimo haikuwa shida, lakini kwenye bomba la inchi nne mchanga unalala chini, mafuta yanaufunika, na siku ya tatu maji yanarudi. Cha pili ni magunzi na mawe yanayotumika chooni, pamoja na taulo za kike. Hili la taulo linahitaji busara, kwa sababu mwanamke hatupi chooni kwa kupenda. Anatupa kwa sababu hakuna ndoo yenye mfuniko humo ndani na anaona haya kutoka nayo mkononi. Sisi katika nyumba yetu ya wapangaji tuliweka ndoo kila choo na kukubaliana nani atazichoma, na tangu hapo chemba yetu haijaziba kwa sababu hiyo. Dada, kama wateja wako wanatumia choo cha mgahawa, weka ndoo.

MkaangaSato aliandika:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Sikuwahi kufikiria kwamba mafuta yangu yanaweza kuzuia jua lisifike kwenye bwawa lililo mbali kiasi hicho. Bado sijapata jibu la maji ya mvua. Na lingine limezuka: mafuta niliyoyatumia tayari niyapeleke wapi? Kuna kijana anayataka kwa ajili ya kutengeneza sabuni.

Mhandisi_wa_Mabwawa alijibu:

Maji ya mvua nilikusudia kuyaeleza, samahani. Usafi wake hauna uhusiano na tatizo. Tatizo ni wingi wake. Chukua paa la mita za mraba 100 na mvua moja ya milimita 50, ambayo kwa Mwanza si ya ajabu. Paa hilo linateremsha lita 5,000 kwa saa moja au mbili. Familia ya watu sita inayotumia lita 60 kila mmoja kwa siku inazalisha majitaka yasiyozidi lita 360. Kwa maneno mengine, mvua hiyo moja imeingiza bombani mzigo wa wiki mbili wa familia nzima, na bomba la milimita 100 lililosanifiwa kwa ajili ya majitaka pekee halina pa kuuweka. Linajaa, mifuniko inanyanyuka, na kinachotoka si maji ya mvua tena. Yale yanayofanikiwa kufika mabwawani nayo yanayasukuma majitaka yatoke kabla hayajakaa siku zinazotakiwa, kwa hiyo ziwa linapokea maji ambayo hayajaiva. Na katika ziwa hilo hilo ndimo jiji linamovuta maji yake ya kunywa, Capripoint na Butimba.

Mabomba membamba ya milimani yalibuniwa kwa makusudi. Mfumo huo ulianzia Brazil miaka ya 1980, kwa ajili ya makazi yaliyobanana ambako mitambo mikubwa ya kuchimba haipiti: bomba dogo, kina kifupi, linapita kati ya nyumba na nyumba. Bila ubunifu huo wakazi wa milima yetu ya mawe wangeendelea kupakua mashimo kwa ndoo. Lakini wepesi wake ndio unaoufanya usivumilie mvua wala mchanga. Elekeza maji ya paa kwenye tenki uyatumie kuoshea sakafu, au kwenye mfereji wa mvua wa mtaa.

JiraniWaZiwa (Kisumu) alijibu:

Habari zenu kutoka upande wa pili wa ziwa. Hapa kwetu Kenya jambo hili liliandikwa kwa namba katika Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, na ndani yake kuna jedwali linalohusu mabomba ya umma ya maji taka peke yake, tofauti na jedwali la kumwaga kwenye mito na ziwa. Nadhani kulitazama kutawasaidia hata ninyi wa Tanzania kuelewa fikra iliyo nyuma yake.

Katika jedwali hilo, BOD inaruhusiwa hadi miligramu 500 kwa lita, ilhali anayemwaga moja kwa moja kwenye mazingira anaruhusiwa 30 tu. Tofauti hiyo inaeleza kwamba uchafu unaooza unapokelewa, kwa kuwa mtambo upo kwa ajili hiyo. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 20 na 35, na kiwango cha tindikali kati ya 6 na 9. Lakini ukifika kwenye zebaki, kiwango kinashuka hadi miligramu 0.05, na kromiamu ile yenye sumu kali vivyo hivyo 0.05. Kisha kuna vitu ambavyo kiwango chake ni sifuri kabisa: vimiminika vinavyowaka, mabaki ya mionzi, klorofomu, dawa za kusafishia mashine zenye klorini, na kabaidi.

Kabaidi nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu mafundi wa jua kali wanaitumia kuchomelea na baadhi ya wachuuzi wanaitumia kuivishia ndizi. Ile poda nyeupe inayobaki mara nyingi ina vipande ambavyo havijaisha nguvu. Vikiingia bombani na kukutana na maji vinatoa asetilini, gesi ile ile ya kuchomelea vyuma, mahali pasipo na upepo na ambapo mpita njia anaweza kutupa kipande cha sigara.

Kuhusu mafuta, kanuni hizo zilitenganisha mambo kwa namna inayokubaliana kabisa na alivyoeleza mhandisi: mahali ambapo maji taka yanatibiwa kwa mitambo ya kawaida, mafuta yasizidi miligramu 10 kwa lita, mahali ambapo mabwawa ndiyo hatua ya mwisho, yasizidi 5. Sisi Kisumu tuna vyote viwili, mtambo wa Kisat na mabwawa ya Nyalenda.

BwanaAfya_Mstaafu alijibu:

Naomba nimalizie upande wa sheria, kwa kuwa dada ana siku za kuhesabu.

Kwa Tanzania, sheria inayotawala ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 niliyoona imeshatajwa. Msingi wake ni kutofautisha majitaka ya nyumbani na majitaka ya biashara. Maji ya kuogea, kufulia, chooni na jikoni kwa familia yanapokelewa mara tu nyumba inapounganishwa. Ya biashara yanahitaji ridhaa ya mamlaka kwanza, kwa sababu mamlaka inatakiwa ijue ni nini kinakuja, kwa kiasi gani, saa ngapi, na kimetibiwa vipi kabla ya kutoka kwako. Ridhaa hiyo usiichukulie kama usumbufu wa makaratasi. Ikiwa imeandikwa kwamba unamwaga maji ya jikoni yaliyopita kwenye chemba ya lita 900, na siku moja mtandao ukaziba kwa mafuta ya mtu mwingine, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako.

Kwenye maombi yako andika idadi ya masinki, idadi ya sahani kwa siku, na mchoro mdogo wa chemba. Kisha weka daftari la usafishaji: tarehe, kina cha mafuta, aliyechota, na yalipopelekwa. Mkaguzi akija na kukuta daftari lenye miezi sita ya kumbukumbu, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi.

Kuhusu kijana wa sabuni, mpe, ila kwa masharti. Mafuta yawe yale ya kwenye karai, yaliyochujwa na kuwekwa kwenye dumu. Yale ya kwenye chemba yamechanganyika na uchafu na yanatakiwa kwenda dampo pamoja na taka nyingine, yakiwa yamekaushwa kwa pumba za mbao. Hakikisha kwamba ni kweli anatengeneza sabuni, kwa maana wapo wanaoyanunua mafuta yaliyokwisha rangi na kuyauza tena kwa wakaangaji wa mitaani, na hilo ni kuwadhuru watu. Na umkumbushe kwamba magadi ya kostiki anayoyatumia ni makali sana. Akiosha ndoo zake na kumwaga kwenye chemba, atakuwa amehamisha kosa lako kwenda kwake.

Nyongeza ndogo kwa wasichana wa jikoni: chemba ikianza kunuka wasiimwagie tindikali ya kusafishia vyoo pamoja na klorini. Viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu, na katika kazi yangu nimeshawahi kumpokea mtu wa namna hiyo.

MkaangaSato aliandika:

Asanteni nyote, Mungu awazidishie. Nimefanya yafuatayo hadi leo. Mfereji wa paa nimeukata na kuuelekeza kwenye tenki la lita 2,000, na linalozidi linakwenda kwenye mfereji wa mtaa. Nimepima maji ya masinki kwa ndoo na saa ya simu: yote mawili yakiwa wazi yanajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 36, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya nusu lita, na nimemwambia fundi aongeze urefu wa chemba ufike mita 1.7. Makarai sasa yanafutwa kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na wasichana wameona wenyewe kwamba sabuni inatumika nusu ya ile ya zamani. Ndoo yenye mfuniko imewekwa chooni.

Fomu ya kibali nimeijaza, imebaki mchoro. FundiBomba, nikikutumia vipimo vyote kwa faragha, utaweza kunichorea kabla ya Ijumaa? Ua wangu una mwamba upande wa kushoto, na ninahofia kina cha sentimita 80 hakitapatikana. Kama itabidi chemba iwe fupi kwa kina, basi ningependa kujua iwe na upana gani ili lita zibaki zile zile.

FundiBomba_Igogo alijibu:

Tuma, dada. Ukipata kina cha sentimita 60, kwa urefu huo wa mita 1.7, upana wa mita moja utakupa lita 1,020, zinazotosha kwa maji uliyopima. Lakini kwa kina hicho robo yake ni sentimita 15, kwa hiyo utachota mara nyingi zaidi, na mdomo wa bomba la kutolea uushushe hadi sentimita 20 kutoka sakafuni. Usimruhusu mtu yeyote kupasua mwamba huo kwa moto na maji, bomba la mtandao liko karibu mno. Nitapita kesho asubuhi niuone kwanza.